Kufanya ushauri nasaha kwa simu ukiwa bado mwanafunzi wa saikolojia: hatua kwa hatua

Hii nawaandikia wanafunzi wa saikolojia na ushauri nasaha walioko atachimenti, yani mafunzo ya vitendo, ama wanaokaribia kuanza, hasa nyinyi mlioko Kenya maana huku ndiko ninakosimamia wanafunzi, ila hata ukiwa Dar ama Kampala mengi yatakufaa. Machi 13, 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya, Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, Aprili Nairobi ikafungwa, siku mbili tu mbele Mombasa, Kilifi na Kwale nazo zikafungwa, na wanafunzi waliozoea kukaa chumba kimoja na mteja wakaambiwa haya, kuanzia leo ni simu. Darasani hilo halikuwa limefundishwa. Kafyu ikaja kuondolewa Oktoba 2021 lakini huduma ya simu haikuondoka, watu waliizoea, wengine wako mbali na mji na nauli hawana, na ugonjwa mwingine ukizuka tutarudi hukohuko. Kwa hiyo jifunze sasa hivi ukiwa umetulia.

Kabla ya hatua zenyewe shika hili moja. Wanafunzi wengi wakija kwangu swali la kwanza ni nitumie programu gani, kamera ipi, bando la ngapi. Hayo ni madogo. Kazi kubwa ni chumba. Ukiwa hospitali ama kliniki ya chuo chumba unapewa, kuna mlango unafungwa, kuna viti, kuna mtu wa mapokezi anayezuia watu wasiingie, kuna muuguzi wa kukusaidia ukikwama. Kwenye simu vyote hivyo havipo, ni wewe na mteja mnajenga hicho chumba upya kila mnapoongea, na kisipojengeka mteja hatasema lililomleta hata ungekuwa na mbinu zote za CBT, ile tiba ya kubadili fikra na tabia, kichwani.

Hatua ya 1: Pata ruhusa, na iwe kwa maandishi

Usianze kumpigia mteja kwa sababu umemuonea huruma. Kenya tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, hii ni taaluma yenye bodi na leseni, na wewe mwanafunzi unafanya kazi chini ya mtu mwenye leseni yake. Kwa hiyo mwandikie supavaiza wako, yani huyo msimamizi mwenye leseni, na chuo chako imeli, uliza mambo haya na usisogee mpaka ujibiwe: masaa ya simu yanahesabiwa kwenye logibuku, lile daftari la masaa ya mafunzo, ama hayahesabiwi, nani analipia airtime, wateja wa aina gani nisiwaguse kwa simu, na lile kubwa kuliko yote, mteja akiniambia saa tatu usiku anataka kujiua ni nani atapokea simu yangu dakika hiyohiyo. Jina la mtu na namba yake, na namba ya pili yule wa kwanza asipopatikana. Ukiambiwa tu "utatafuta mtu" hilo si jibu, rudi uulize tena kwa adabu. Mwanafunzi ambaye hana supavaiza anayepokea simu asishike mteja wa simu, hapo mimi silegezi.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo habari za afya ya mtu inaziweka kwenye kundi la data nyeti. Maana yake daftari lako, simu yako, ile foda ya rekodi kwenye laptopu, vyote viko chini ya sheria. Soma angalau vile vipengele vinavyohusu ridhaa na kuhifadhi data.

Hatua ya 2: Tayarisha laini

Tafuta laini ya pili, iwe ya kazi tu. Usitumie ile namba mamako na wenzako wa darasani wanayokupigia, maana mteja akishaipata hutaweza tena kuizima wikendi. Alafu kuna mambo ambayo mtu hayafikirii:

Truecaller, ile programu inayoonyesha jina la anayepiga. Watu wakisevu namba yako "Asha Kaunsela" ama "Daktari wa Akili", mteja mwingine anayetumia Truecaller ukimpigia hilo jina laweza kutokea kwenye kioo chake, na kama simu iko mezani mbele ya mume wake ama mama mkwe siri imeshatoka kabla hajasema halo. Angalia namba yako inaonekanaje kwa wengine, kisha muulize mteja anataka kukusevu kwa jina gani. Mmoja atakuandika "Fundi cherehani", mwingine "Mwalimu wa Sande skuli", hiyo ni sawa kabisa.

WhatsApp. Toa ile picha ya harusi ya dadako. Zima watu kuona ulikuwa hewani saa ngapi, na status usiweke chochote kwenye laini hiyo, kwa sababu mteja mwenye huzuni nyingi anaweza kukuona uko hewani saa nane usiku akadhani unampuuza.

M-Pesa. Kama huduma inalipiwa, jua kwamba meseji ya malipo inabaki kwenye simu ya mteja ikiwa na jina la aliyelipwa. Atachimenti nyingi ni bure, ila kama ni ya kulipia mwambie mapema, aamue mwenyewe ataifuta ama atalipa kwa njia nyingine.

Na simu yenyewe iwe na nywila, isiwe ile mdogo wako anachezea gemu.

Hatua ya 3: Chumba chako wewe

Wengi wenu mnakaa bedsita, ama nyumbani na familia nzima, najua. Wanafunzi wangu wamefanyia kazi kwenye ofisi ya kanisa siku ambazo hakuna ibada, ndani ya gari la mjomba lililopakiwa, kwenye darasa la madrasa asubuhi watoto hawapo, na yote yalifanya kazi vizuri kuliko sebuleni. Kitu cha kupima ni kimoja: mtu aliyesimama nje ya mlango anasikia maneno yako? Mweke ndugu yako hapo nje, wewe ongea kwa sauti ya kawaida, mwambie akurudishie alichosikia. Akikurudishia hata sentensi moja, tafuta kwingine ama weka redio upande wa mlangoni. Vaa iyafoni kila mara, hata ukiwa peke yako, hapo nyumba nzima inakuwa haisikii upande wa mteja.

Usifanyie kitandani. Kitanda kinakulegeza sauti na akili, na usiku ukilala maneno ya mteja yanakuwa yamebaki palepale unapoweka kichwa. Kiti, meza, maji ya kunywa, karatasi, kalamu mbili, pawabenki iliyojaa. Kama nyumba ni ya mabati angalia pia mvua, maana Aprili na Mei masika ikipiga mabati hamsikilizani kabisa, wewe wala yeye, na mteja aliyekuwa katikati ya kulia hawezi kurudia kwa kupaza sauti. Msimu huo panga vikao vya asubuhi kama kwenu mvua hupenda jioni, na mkubaliane kabisa mvua ikianza tutafanya hivi.

Hatua ya 4: Simu ya kwanza isiwe kikao

Hii ndiyo hatua watu wanairuka na ndiyo inayobeba zote. Piga simu fupi, dakika 15 hivi, ya kujenga chumba tu. Usiingie kwenye matatizo. Mteja akianza kumwaga mwambie nayasikia na nayataka yote, lakini kwanza tuhakikishe uko mahali pazuri pa kuyasema.

Mfano huu ni wa mama wa makamo, Mombasa, na mwanafunzi wa miaka ishirini na kitu:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu."
"Naitwa Asha, ni mwanafunzi wa saikolojia, nafanya kazi chini ya msimamizi wangu mwenye leseni, naye nitakuwa nikimweleza tunavyoendelea ili anisaidie nikusaidie vizuri. Sasa hivi mama uko peke yako hapo, ama kuna watu?"
"Niko na wajukuu."
"Haya. Tukisema tuongee nusu saa hivi bila wao kusikia, unaweza kukaa wapi na saa ngapi?"

Ona alivyofanya. Amesema yeye ni mwanafunzi, mapema kabisa, maana huyo mama atamwita daktari dakika ya pili na asiporekebishwa atabaki na imani isiyo ya kweli. Amemtaja msimamizi. Alafu hakumuuliza "je una faragha", amemuuliza utakaa wapi na saa ngapi, swali ambalo mtu analijibu kwa nyumba yake anayoijua. Watu wamejibu chooni nje, shambani chini ya mwembe, kwenye ngazi za ghorofa, dukani kabla ya kufungua. Popote pale panafaa kama anaweza kukaa na hakuna anayemsikia.

Katika simu hiyohiyo chukua haya na uyaandike: yuko wapi hasa, si mji tu bali mtaa na alama ya karibu kama msikiti ama duka la nani, namba ya mtu mmoja anayemuamini ambaye wewe unaruhusiwa kumpigia, na huyo mtu anajua nini kuhusu mambo yake, hospitali ama kituo cha afya kilicho karibu, simu ni yake peke yake ama ya familia, na laini ikikatika nani anampigia nani. Hili la mwisho liamueni kabisa, wewe ndiye unayepiga, yeye asubiri dakika tano, ukishindwa kumpata utatuma meseji moja yenye maneno mliyokubaliana. Bila hivyo kila mmoja anampigia mwenzake kwa wakati mmoja, namba zote bize, na yule aliyekuwa analia anabaki anafikiri umemkatia simu.

Malizia na ridhaa. Kwa maneno rahisi mwambie siri yake inalindwaje, na lini huwezi kuinyamazia, yani maisha yake yakiwa hatarini, ama ya mtu mwingine, ama mtoto anaumizwa. Muulize amekubali, andika tarehe na saa na maneno aliyojibu nayo. Na kabla hujaaga, pangeni saa za vikao mkijua nyendo zake. Wakati wa kafyu tulijifunza kwamba mtu aliyeenda kwa shoga yake kupata nafasi ya kuongea lazima amalize mapema afike kwake kabla ya saa moja, sasa ukimpa kikao cha saa kumi na mbili jioni umemuweka barabarani na askari. Kila janga lina kafyu yake, uliza.

Hatua ya 5: Sauti, video ama meseji

Msimamo wangu ni huu, anza na simu ya kawaida ya sauti. Video inapendwa na vyuo kwa sababu inafanana na kikao cha ana kwa ana, lakini inakula bando, netiwaki ikiyumba uso unaganda mdomo wazi katikati ya neno zito, na wateja wengi hawataki uone nyumba yao. Mwenye simu ya mulika mwizi naye ni mteja, na kwa sauti tu anahudumiwa kikamilifu. Sauti ina faida nyingine ambayo wanafunzi wanaigundua baadaye, watu wanasema mambo ya aibu haraka zaidi wasipotazamwa.

Video itumie pale supavaiza anataka umuone mteja, kwa mfano una wasiwasi kwamba hali chakula, haogi, ama ana alama za kupigwa, ama mnafanya zoezi ambalo lazima mwili uonekane. Kama ni Zoom weka nywila na ile sehemu ya kusubiri kabla ya kuingia, usitumie linki moja kwa wateja wote, na kioo kidogo chenye sura yako mwenyewe kifiche maana kinachosha sana, unakuwa unajikagua badala ya kumsikiliza mtu.

Meseji na WhatsApp zibaki za kupanga muda tu. Ni kweli ujumbe wa WhatsApp unasimbwa tangu unatoka kwako mpaka unafika kwake, lakini hiyo haimzuii anayeshika simu yake kuusoma. Mteja akikuandikia aya tano usiku wa manane usimjibu na aya tano, mjibu mstari mmoja kwamba umeziona na mtaziongea kikaoni, isipokuwa kuna hatari, hapo unapiga.

Hatua ya 6: Ndani ya kikao

Anza kila kikao na maswali matatu yaleyale, hata kama ni kikao cha kumi: uko wapi sasa hivi, nani yuko karibu, tunaweza kuongea? Yule mama aliyekuwa peke yake wiki jana leo shemeji yake amehamia. Na mahali alipo unapahitaji kwa dharura.

Kichwa ulichozoea kutikisa hakionekani, kwa hiyo masikio yako yawe na sauti. Mhm, ehe, naam, endelea mama, nakusikia. Lakini usizidishe mpaka unamkata. Kimya ndicho kinawatisha wanafunzi kuliko kitu chochote kwenye simu, sekunde sita tu anaanza "halo? halo? unanisikia?" na lile jambo lililokuwa linapanda linashuka. Fanya hivi, mwambie tangu mwanzo "nikikaa kimya nipo, nakusikiliza", kisha kimya kikija hesabu pumzi zako mbili, sema kwa sauti ya chini "nipo", unyamaze tena. Kama bado, uliza "ulivyonyamaza hapo, ni nini kimepita moyoni?" Utashangaa kinachotoka hapo.

Jifunze kusikia yale ambayo chumbani ungeyaona. Pumzi inafupika. Sauti inageuka kuwa ya heshima ghafla na majibu yanakuwa ndiyo mama, sawa mama, hapo mtu ameingia. Kikombe kinawekwa kwa nguvu. Kuna muhtasari pia, baada ya kila kipande rudisha ulichosikia kwa maneno yake, si ya kitabu. Akisema "moyo unanienda mbio na kichwa kinajaa", wewe rudisha moyo unaenda mbio na kichwa kinajaa, usimgeuzie kuwa dalili za wasiwasi. Na punguza urefu, dakika 30 mpaka 40 za simu zinatosha, sikio linachoka na airtime inaisha.

Dakika tano za mwisho zisiwe na jambo jipya. Muulize ukikata simu unaenda kufanya nini. Aliyelia asirudi moja kwa moja kwenye chumba chenye watu wanaouliza mbona macho mekundu, mpe dakika za kunawa uso, kukaa, kutembea mpaka kwenye geti.

Hatua ya 7: Dodoso kwa simu

PHQ-9, dodoso la kupima sonona, na GAD-7, la kupima wasiwasi, zote zina tafsiri za Kiswahili zinazotumika, omba ile chuo chako ama hospitali yako inayoitumia, usijitafsirie mwenyewe usiku. Shida ya simu ni zile chaguo nne, mtu akifika swali la nne ameshasahau. Mwambie achukue karatasi aandike 0 hapana kabisa, 1 siku kadhaa, 2 zaidi ya nusu ya siku, 3 karibu kila siku, kama hana karatasi atumie vidole, ngumi ni sifuri. Mkumbushe kila mara ni wiki mbili zilizopita. Jumla ya PHQ-9 inafika 27, ya GAD-7 inafika 21, lakini usimtangazie namba kama matokeo ya mtihani. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza mawazo ya kufa ama kujidhuru, usilisome haraka ili lipite. Jibu lolote ambalo si sifuri, simama hapo, weka dodoso pembeni, nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 8: Mteja akiwa na mawazo ya kujiua

Uliza wazi. "Kuna wakati unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumwekei mtu wazo kichwani, kunampa ruhusa ya kutua mzigo. Usizunguke na maneno kama "mawazo mabaya" maana atajibu hapana kuhusu kitu kingine. Akisema ndiyo, uliza ni mawazo tu ama kuna mpango, kitu cha kujidhuru nacho kiko karibu, amewahi kujaribu, leo ni tofauti gani na jana, na nini kimemshikilia mpaka sasa.

Wakati huo usikate simu. Ndiyo maana ulichukua mahali alipo na namba ya mtu wake. Kwa simu ya pili, ama kwa meseji, mtafute supavaiza huku unaendelea kuongea naye, mwambie mteja waziwazi unachofanya, "namtafuta msimamizi wangu tuwe wawili kukusaidia, sikuachi". Muulize tumwite nani aje akae nawe, na kile kitu, dawa ya panya, dawa ya shamba, vidonge, nani anaweza kukichukua akakiweka mbali leo hii. Dawa za kuulia wadudu ziko kwenye nyumba nyingi za mashambani, na kuzitoa karibu kwa siku chache tu kunaokoa watu kwa sababu wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka. Kama hatari ni ya sasa hivi ni hospitali, na mtu wake ampeleke, wewe ukiwa hewani mpaka wakutane.

Kuna jambo la sheria mlijue. Wakati wote wa korona kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na wateja walificha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba, lakini hofu haijaisha mitaani, kwa hiyo mwambie mteja kwamba unatafuta matibabu, humshtaki. Ukiwa nchi nyingine uliza sheria ya kwenu inasemaje kabla hujaahidi chochote.

Namba za kuwa nazo ukutani, Kenya: 1199 ya Kenya Red Cross kwa msaada wa kisaikolojia, 1195 kwa ukatili wa kijinsia, 116 kwa watoto, hii ya mwisho hata Tanzania inatumika. Zote ni bure kupiga. Zipige wewe mwenyewe mara kwa mara uone zinapokelewa saa zipi, kabla hujampa mtu namba usiku.

Hatua ya 9: Anayemuumiza yuko ndani ya nyumba

Lokdauni iliwafungia watu na wanaowapiga. Hapa chumba kinajengwa kwa maneno ya siri. Kwenye simu ya kwanza, kwa kila mteja si yule unayemshuku tu, wekeni neno moja la kawaida, mfano "ile oda ya maandazi". Akilitaja, wewe unageuka muuzaji, mnaongea maandazi, mnaaga. Kuwe na neno la pili lenye maana niko hatarini tafuta msaada, na mkubaliane mapema msaada huo ni nani, maana kuna wanawake ambao jirani akija hali inakuwa mbaya zaidi. Ukihisi mtu anasikiliza, uliza maswali ya ndiyo na hapana tu. Usiwahi kumpigia bila kupanga, usitume meseji ya "kikao chetu cha leo", na mfundishe kufuta rekodi ya simu kama anaona inafaa, kwa sababu kuna nyumba ambapo rekodi iliyofutwa ndiyo inaleta kipigo. Yeye anaijua nyumba yake kuliko wewe. Na usimshauri aondoke kesho. Kuondoka ni saa ya hatari sana, inapangwa na watu wenye ujuzi, mpitishe kwa supavaiza na 1195.

Hatua ya 10: Msiba wa mbali

Kuna wakati mazishi Kenya yalipunguzwa mpaka watu 15 tu. Watu walimpoteza baba kijijini wakiwa wamefungiwa Nairobi, hawakuona jeneza, hawakukaa matanga, hawakutia udongo. Ukipata mteja wa namna hiyo, na bado wanakuja, huzuni ya 2020 haijaisha, usimharakishe kwenye mbinu. Muulize kama ungefika, ungefanya nini? Atakueleza kwa kirefu, angepika, angelala chini na shangazi zake, angesoma khitma, angeimba na kwaya. Msikilize yote, kisha tafuteni lipi bado linafanyika. Arobaini ilipita lakini dua haina mwisho, kaburi bado lipo, kuna shangazi wa kumpigia akamsimulia siku ile ilivyokuwa. Hilo zoezi la kusimuliwa limewasaidia wengi wa wateja wetu, kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaza lile pengo na picha mbaya kuliko kilichotokea.

Watoto sitakaa sana, ni somo lao peke yao. Kwa simu mtoto chini ya miaka kumi haongei nusu saa, fanya kazi zaidi na mzazi, na ukiongea na mtoto iwe dakika kumi zenye kitu mkononi, kuchora, kokoto. Kijana wa sekondari yeye muulize wapi anapata faragha mbali na mzazi, na mzazi aambiwe mapema kwamba hutamrudishia kila neno.

Hatua ya 11: Maandishi, rekodi na supavishen

Usirekodi kikao bila ridhaa, na hata ukiwa na ridhaa uliza chuo kama kinaruhusu. Njia ninayoipenda ni ya zamani: ukikata simu tu, kabla ya kufungua WhatsApp ama kula, andika dakika 20 kila unachokumbuka, wewe ulisema nini yeye akajibu nini, na pembeni wewe ulihisi nini. Tumia herufi ama namba badala ya jina. Daftari lifungiwe. Ukimtumia supavaiza, faili iwe na nywila na nywila iende kwa njia nyingine.

Supavishen ya simu iwe na saa maalum kila wiki, na msiongelee wateja peke yake. Leta kile kipande kilichokukwamisha, kisome kwa sauti. Na mwambie ukweli kuhusu hali yako. Wakati wa janga mshauri na mteja wako kwenye mafuriko yaleyale, mwanafunzi anamsikiliza mtu aliyefukuzwa kazi wakati babake pia amefukuzwa. Hilo si udhaifu, ila lazima liwe mezani, na kuna wateja ambao kwa muda huo unafaa kumpa mwenzako. Vikao vitatu kwa siku vinamtosha mwanafunzi, na kati ya kimoja na kingine toka nje, ongea na mtu kuhusu mboga.

Hatua ya 12: Kumaliza

Atachimenti ina tarehe ya mwisho, na kwa simu ni rahisi sana kupotea tu. Usipotee. Mtajie mteja tarehe hiyo kwenye kikao cha kwanza, mkumbushe vikao vitatu kabla, na kikao cha mwisho kiwe cha kuaga kweli, nini kimebadilika, nini bado, ukilemewa tena utampigia nani. Kama anaendelea na mtu mwingine pigeni simu ya watu watatu, wewe umtambulishe kwa sauti yako, usimtumie namba tu. Kisha rudisha mafaili yote kituoni, futa namba za wateja kwenye simu na kwenye bekapu pia, na ile laini usiiache ilale mpaka kampuni ikaipa mtu mwingine, kabla hujafuta namba hizo na kuizima tuma meseji moja kwa kila mteja, kwa maneno mliyokubaliana, kwamba namba hii haitumiki tena na ya kituo ni hii.